Mazoezi ya Kuzaa Kimya

Niliposhika mimba nikiwa na miaka arobaini na moja, watu wa Tororo, mji wa mpakani upande wa Uganda, walinipongeza kama mtu aliyeopolewa ziwani akiwa bado anapumua. Walimu wenzangu chuoni walinichangia mashuka. Mume wangu, anayefundisha kilimo katika shule ya sekondari na ambaye hata mbuzi akizaa huandika kwenye daftari, alianza kutembea na kitabu changu cha kliniki kwenye mfuko wa shati. Wote walinionea huruma kwa jambo moja: mimba ilikuwa ya kwanza, umri ulikuwa umekwenda, na uchungu wa kuzaa sikuujua.

Niliujua. Nilizaa nikiwa na miaka ishirini, kule Majanji, kijiji cha wavuvi ziwani, nyumbani kwa mama yangu mdogo, wakati wa likizo ndefu ya chuo kikuu. Likizo ilipokwisha nilirudi Nairobi na mtoto akabaki. Mama mdogo alikuwa na biashara ya samaki na watoto wa kiume watupu. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako wa tumbo moja, kwa hiyo hatukuhitaji kutunga uongo mpya. Tulisogeza tu maneno yaliyokuwepo. Yule msichana alikua akiniita dada, nami nikimwita mdogo wangu. Kama aliwahi kuambiwa zaidi ya hapo, mimi sijui. Mama mdogo anaapa hajamwambia, lakini mama mdogo huapa pia kwamba samaki wake ni wa leo.

Mume wangu sikumwambia. Ilikuwepo siku ya kumwambia, nadhani katika wiki ya tatu ya kujuana, tukiwa tumekaa chini ya ule mwamba wa Tororo tukila mahindi ya kuchoma. Mimi nikaanza kuzungumza juu ya riwaya. Siku ikapita, na siku za namna hiyo hazina pacha.

Sasa nieleze nilichokitaka, ili nisionekane mwoga wa kawaida. Kwetu mwanamke akijifungua, mdogo wake wa kike huja kukaa naye mwezi mzima. Hufua nepi, hukoroga uji, humbeba mtoto ili mama apate usingizi. Hakuna anayeuliza kwa nini amekuja. Wangeuliza kama asingekuja. Katika miaka ishirini na moja sikuwahi kulala nyumba moja na msichana wangu zaidi ya siku nne. Krismasi iliyotangulia alikuja siku tatu, akala, akacheka na mume wangu na mama mkwe, akaondoka. Mimba hii ilinipa mwezi mzima naye, bila mtu kuinua nyusi. Nilipompigia simu alisema, "Dada, nitakuja hata kabla hujaniita. Nimeshamwambia Mama atafute mtu mwingine wa kuanika dagaa."

Kulikuwa na hatari moja tu, nayo ni mdomo wangu. Katika uzazi wa kwanza nilipiga kelele mpaka wavuvi wakauliza ni nini. Kelele peke yake si neno. Tatizo ni kwamba nilisema. Nilimtaja baba wa mtoto kwa majina yake matatu, nikataja bweni na namba ya chumba, na mama mdogo husimulia kwamba nilitaja hata namba yangu ya usajili chuoni, kama mtu anayejaza fomu. Mwishoni nikasema mtoto asichukuliwe. Nililirudia hilo mara nyingi. Halafu mtoto akachukuliwa, akapelekwa chumba cha pili, na mimi nikapewa chai.

Hospitalini huku upande wa Uganda lazima uwe na mtu wa kukuhudumia kando ya kitanda, na mtu huyo angekuwa mama mkwe. Uchungu ungefungua mdomo wangu mbele yake. Kwa hiyo nilitafuta sindano.

Muuguzi wa kliniki ya Tororo alinitazama kwa upole nilipomuuliza. Wauguzi na madaktari wote huku huitwa musawo, na huyu alikuwa kijana, mwenye simu mbili. "Sindano ya kuzaa usisikie?" akauliza. Akamgeukia mwenzake. "Mwalimu anataka kuzaa akiwa amelala." Wakacheka, kisha wakanipa orodha ya vitu vya kuleta siku hiyo: glavu, pamba, wembe, uzi, karatasi ya nailoni ya kutandika. Dawa ya maumivu haikuwemo kwenye orodha.

Nikavuka mpaka. Watu wengi wa huku wana kadi mbili za kliniki, moja ya kila upande, kwa sababu huwezi kujua siku yako ikifika ni upande gani utakuwa na dawa au mgomo. Mimi pia nilikuwa nazo mbili, ila zangu hazikukubaliana. Ile ya Tororo, yaani kile kitabu cha mfukoni mwa mume wangu, ilisema mimba ya kwanza. Kliniki zetu huwahudumia mapema wanawake wanaokuja na waume zao, na mume wangu alikuja akiwa amepiga pasi suruali. Musawo alipouliza hii ni ya ngapi, yeye ndiye aliyejibu. "Ya kwanza!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ningemsahihisha vipi? Ile ya Busia, upande wa Kenya, nilikwenda kuichukua peke yangu. Hiyo ilisema ya pili.

Daktari wa hospitali ya binafsi kule Busia alikuwa mtu mstaarabu. "Mama, sindano hiyo tunayo, lakini ni ya upasuaji," alisema. "Kuzaa kwa kawaida kunahitaji mtu wa kukaa na wewe saa zote hizo, na mtu huyo hatuna."

"Basi nipasueni."

"Kwa sababu gani?"

"Naogopa."

"Kila mtu anaogopa, mama." Akaifunua kadi. "Hii ni ya pili. Ya kwanza ulizaa kawaida. Ya pili ni mteremko, utashangaa mwenyewe." Alinirudishia kadi huku akitabasamu, nami nikaenda kuifungia kwenye droo yangu chuoni, chini ya mitihani ambayo sijasahihisha mpaka leo.

Mimi ni mtu wa vitabu, kwa hiyo sindano iliposhindikana nilitafuta nadharia. Niliangalia video za wanawake wanaozaa wakiwa wamekaa kwenye mabeseni makubwa ya maji ya uvuguvugu, nyuso zao tulivu kama wanasubiri chai. Walifundisha kupumua. Walifundisha pia kushika barafu mkononi kwa dakika nzima ili mwili uzoee maumivu. Mama mmoja anayeuza maji baridi karibu na kituo cha bodaboda alinipa mapande ya barafu kila jioni. Nilimwambia nina kiungulia. Nikakaa sebuleni na barafu kiganjani, mume wangu akinihesabia kwa saa ya simu.

"Uso wako ni kama wa mtu anayesahihisha mitihani," aliniambia.

"Hesabu."

"Mbona hupumui kwa sauti? Kwenye video wanapumua kwa sauti."

"Sitaki sauti."

Akafikiri kidogo. "Tulikuwa na ng'ombe mmoja hivyo. Hakutoa sauti hata kidogo."

"Ikawaje?"

"Alizaa vizuri tu," alisema, akarudisha macho haraka kwenye saa. Sikumwuliza zaidi juu ya ng'ombe huyo.

Nikafika dakika mbili, kisha tatu. Nilianza kujivuna. Niliandika hata makala fupi juu ya utulivu wa mwanamke wa Kiafrika, makala mbaya sana, na mhariri akaisifu.

Mimba ilipofika mwezi wa nane mama mkwe alishuka kutoka kijijini kwao Sop Sop kuja kukaa nasi mpaka nijifungue, akiwa na mfuko wa karanga na vijiti vya emumbwa, ule udongo uliokandwa na majani ya dawa ambao wajawazito huusugua kwenye maji na kunywa. Ni mwanamke mfupi aliyezaa watoto tisa na kuzika wawili, na Kiswahili chake ni cha soko la Malaba. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipapasa tumbo kama anayechagua papai.

"Mtoto iko sawa," alisema. "Sasa wewe. Kama kuna neno hapa ndani, toa mbele. Neno nafunga mtoto. Mimi naona wanawake wawili nakufa na neno."

Nilikuwa nimeshasikia juu ya jambo hili. Huku wanaamini kwamba uzazi ukikwama, ni kwa sababu mwanamke ameficha mwanaume fulani, na akimtaja mtoto hutoka. Chuoni tuliwahi kuliandalia semina.

"Hakuna neno, mama."

"Jina ya mwanaume tu. Hata ya zamani. Mimi si polisi."

"Mama, mimi ni mwalimu. Majina yote ninayoyajua ni ya wanafunzi."

"Eeh! Basi nafundisha wengi!" Alicheka mpaka akaishika kanga yake isifunguke, na mimi nikacheka, na mume wangu akaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. "Bibi yako nakataa kutubu," mama yake akamwambia. Baadaye nilikunywa ule udongo wote.

Uchungu ulinishika Jumamosi asubuhi, nikiwa nakata vitunguu. Niliutambua mara moja, kama unavyotambua sauti ya mtu uliyemkwepa miaka mingi. Mume wangu alikuwa shuleni kwenye kikao cha wazazi. Jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake, mama mkwe nyuma na beseni, karatasi ya nailoni na kile kitabu cha kliniki kinachosema mimba ya kwanza, ambacho siku hiyo mume wangu alikiacha mezani.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na wanawake tisa. Musawo alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu, na sijui alikuwa amelala lini. Alinipima haraka.

"Sentimita nne. Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza," mama mkwe akajibu.

Musawo alinitazama mimi, akingoja nithibitishe. Nikapumua kama wale wanawake wa kwenye video.

"Wa kwanza huchukua muda," alisema. "Mama, zunguka huko nje, mtembeze. Akianza kulia kabisa, mlete."

Tukazunguka. Palikuwa na veranda ndefu, tangi la maji, na kamba za kuanikia zilizojaa kanga za watu. Kila uchungu ulipokuja nilishika nguzo na kufikiria barafu. Sikutoa sauti. Mama mkwe alinisifu. "Huyu mama mgumu," aliwaambia wanawake waliokaa kwenye veranda. "Nasoma vitabu mpaka nakuwa mgumu." Wakanitazama kwa heshima. Ndani ya wodi msichana mmoja alikuwa akilia jina la mama yake, na musawo alikuwa naye.

Baada ya kama saa moja mwili ukabadilika. Ule uzito wa chini niliukumbuka; nilijua umebaki muda mfupi. Mwanamke wa mimba ya kwanza asingejua. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ilihitajika sentensi moja tu: huyu si wa kwanza, harakisheni. Nilikuwa nayo kinywani, imekamilika. Nikashika nguzo nyingine. Nilikuwa nikifikiri juu ya chumba cha nyuma nyumbani kwetu, ambako nilikuwa nimeshatandika kitanda cha mdogo wangu, na kwamba zimebaki dakika chache tu za kunyamaza, baada ya hapo nina mwezi mzima. Watu hudhani uchungu huondoa akili. Mimi nilikuwa na akili zangu zote, na hiyo ndiyo kazi niliyozipa.

Mtoto alitoka pale pale kwenye veranda, karibu na tangi. Mama mkwe alikuwa na nafasi ya kutandika nailoni tu, hakupata hata ya kuvaa glavu. Alimpokea kwa mikono mitupu, mtoto wa kiume, akilia kwa nguvu zote nilizokuwa nimezizuia mimi. Musawo akaja mbio.

"Kwa nini hukupiga kelele?" alinifokea. "Wewe ni bubu? Ningejuaje?"

Nilikuwa nimechanika vibaya na damu ilikuwa nyingi. Wakanibeba ndani. Dawa ya ganzi ilikuwa imeisha tangu Jumatano. Musawo alisema hivyo bila kuomba radhi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaanza kushona. Maumivu hayo sikuyapangia barafu. Mama mkwe alinishika kichwa kwa mikono miwili, nami nikauma kanga yake, na bado sikusema neno. Nilikuwa nimeshinda. Nakumbuka niliwaza hivyo hasa, kwa neno hilo.

Ndipo musawo aliposimamisha mkono.

"Hapa kuna kovu," alisema. "La kushonwa, la zamani. Mama, si mmesema wa kwanza?"

Majanji walinishona. Muuguzi mstaafu aliyeletwa na mama mdogo alinishona vizuri sana, na mimi kwa miaka yote hiyo niliulinda mdomo wangu bila hata siku moja kufikiria sehemu ile. Nina shahada mbili.

"Musawo," mama mkwe alisema, bila kuondoa mikono kichwani mwangu, "huyu nanguka juu ya kisiki wakati ya utoto. Mama yake naniambia mimi, wakati ya posa. Wewe shona tu."

Mama yangu alifariki miaka minne kabla ya posa, na mama mkwe hakuwahi kumwona. Nikainua macho. Hakuwa akinitazama, alikuwa akitazama ukuta. Musawo akashona.

Mama mkwe hakulitaja lile kovu siku hiyo, wala kesho yake. Mume wangu alikuja, akalia, akampima mtoto kwa macho kama anayekadiria uzito wa gunia la mahindi. Tukarudi nyumbani. Siku ya tatu asubuhi mama mkwe alikuwa akinikanda kwa maji ya moto bafuni, mlango umefungwa, mume wangu yuko kazini.

"Nani nakuja kusaidia wewe?" aliuliza.

"Mdogo wangu wa Majanji. Anakuja leo."

Alikamua kitambaa, akakitumbukiza tena kwenye beseni. "Yule mimi naona yeye Krismasi," alisema. "Mimi naangalia yeye nacheka. Mimi nasema, hawa ndugu nafanana sana. Basi. Mimi mjinga." Akanikanda mgongo. "Sasa mtoto ya wewe nazaliwa na ile sura. Ile kidevu. Ukiweka wawili kwa nyumba moja, mwezi moja, kijana yangu naona. Yeye najua hata mbuzi kwa sura."

Nilishika ukingo wa beseni.

"Kijana yangu hapana mbaya. Lakini mtu mzuri naumia vibaya. Mimi nafunga hii neno, wewe nafunga. Lakini yule, asikuje. Leo, kesho, asikuje. Mimi nakaa na wewe mwezi. Mimi nafua nepi."

"Mama, mwezi mmoja tu."

"Hapana lia," alisema kwa upole, na ndipo nilipojua kwamba nalia, na kwa sauti. "Hapana lia, mtoto yangu. Maziwa nakauka."

Nilimpigia simu nikiwa nimekaa kitandani, mtoto akinyonya. Kulikuwa na kelele za magari. Alikuwa ameshafika stendi ya Busia.

"Dada! Nimekuletea sangara wa kukaushwa, na Mama ametuma unga wa wimbi. Nimebakiza gari moja tu."

Nikamwambia asije. Nikasema mama mkwe ameshakuja, nyumba imejaa.

"Imejaa?" Krismasi alilala katika chumba cha nyuma, aliijua nyumba. "Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Krismasi nilisema vibaya?"

"Hapana. Nyumba ni ndogo tu."

Nikasikia utingo akiita abiria wa Tororo, karibu kabisa na simu.

"Sawa, dada," akasema. "Anafanana na nani?"

Nikamwambia watoto wachanga hawafanani na mtu.

Mama mkwe alikaa mwezi wote, na ninakiri sijawahi kuhudumiwa vizuri hivyo. Hajaligusa tena jambo lile. Mume wangu hana habari. Haya nayaandika kwa Kiswahili, ambacho nyumbani kwetu ni lugha ya kununulia nyanya. Mume wangu hawezi kukisoma zaidi ya vibao vya barabarani, na mimi, hata katika kukiri, nimechagua mahali ambapo sitasikika. Mtoto sasa anatembea. Mwaka wa kwanza msichana aliuliza mara nne kama anaweza kuja kumwona, na mara zote nne nilikuwa na sababu nzuri, zenye mantiki, nilizozipanga vizuri. Mwezi uliopita nilimwuliza mama mdogo habari za yule msichana. Aliniambia yu mzima, biashara inakwenda, na kwamba mtoto wangu akitajwa, yeye hutoka nje kugeuza dagaa.